Birika Letu Lina Lita Ngapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu wanafunzi, somo hili halikuanzia kitabuni. Lilianzia kwenye birika dogo la kutawadhia lililo nyuma ya madrasa yetu, siku ya Jumatano, mara tu baada ya sala ya Alasiri. Mwanafunzi mmoja alikwenda kuchota maji ya kufutia ubao, akarudi mbio huku ameshika kopo tupu. Ndani ya birika mlikuwa na panya aliyekufa, na darasa zima lilikuwa limetawadha humo na kusali.

Maji hayakuwa yamebadilika. Tuliyatazama rangi yake, tukayanusa, hayana kitu. Ustadhi wetu wa fiqhi alimtoa yule panya kwa kijiti, akawageukia wanafunzi akauliza, "Maji haya ni machache au ni mengi?" Waliosoma Safinatun Najaa wanakumbuka vizuri suali hili linatoka wapi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii maji machache ni yale yasiyofika qullatayn, yaani mitungi miwili mikubwa ya zamani, na maji mengi ni yaliyofika qullatayn na kuzidi. Maji machache yakiingiwa na najisi yananajisika hata kama hayakubadilika. Maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, au tamu, au harufu. Asili ya hukumu hii ni hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyosimuliwa na Ibn Umar (R.A.), nayo imo katika vitabu vya Abu Daud, Tirmidhi na Nasai.

Basi watu thelathini na kitu walikuwa wanangoja kujua kama watatawadha upya na kurudia sala yao, na jibu lilikuwa limejificha ndani ya hesabu. Ustadhi akaniangalia mimi, kwa kuwa nafundisha hisabati skuli. Akasema, "Maalim, tupe lita, hukumu niachie mimi."

Nilimtuma kijana mmoja wa darasa la juu alete futi kamba ya fundi akapime. Alirudi na namba zake tatu ameziandika kiganjani: urefu sentimeta 100, upana sentimeta 85, kwenda juu sentimeta 80. Akazidisha mbele yetu sote:

100 × 85 × 80 = 680,000

"Maalim, ni lita mia sita na themanini! Zinapita qullatayn mara tatu!" Wenzake wakaanza kusema alhamdulillah. Mimi nikawaambia wangoje kidogo.

Kwanza tufahamu alichokifanya, kwa sababu njia yake ilikuwa sahihi ingawa namba zake zilikuwa na kasoro. Umbo la birika letu ni la sanduku: pande zake ni mistatili na pembe zake zimenyooka. Ujazo wa umbo la namna hii unapatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana kwa kina. Usiishike kanuni hii kama kasuku. Chukua kijisanduku kidogo cha sentimeta 1 kila upande, mfano wa kipande cha sukari guru kilichokatwa vizuri. Hicho ni sentimeta 1 ya ujazo. Ukivipanga vijisanduku hivyo kwenye sakafu ya birika lenye urefu wa sentimeta 100, safu moja inaingia 100. Upana ukiwa sentimeta 85 utapata safu 85, kwa hiyo sakafu yote itafunikwa na vijisanduku 8,500. Hapo umepata tabaka moja lenye kina cha sentimeta 1. Panga matabaka 80, moja juu ya jingine, na utakuwa na vijisanduku 680,000. Kuzidisha ni njia ya mkato ya kuhesabu vijisanduku, na kwa hilo kijana wetu hakukosea.

Alikosea mahali alipoweka futi. Alipima kwa nje. Birika limejengwa kwa matofali na kupigwa lipu, na ukuta wake pamoja na lipu una unene wa sentimeta 15. Urefu wa nje unabeba kuta mbili, moja huku na moja kule, kwa hiyo unatoa sentimeta 30. Upana nao ni hivyo hivyo. Kwenda juu unatoa sakafu peke yake, sentimeta 15, kwa sababu birika halina paa. Kwa ndani, basi, lina urefu wa sentimeta 70, upana wa sentimeta 55 na kina cha sentimeta 65:

70 × 55 × 65 = 250,250

Kutoka 680 tumeshuka mpaka 250. Zaidi ya nusu ya lile "birika" lake lilikuwa ni mawe na saruji! Watu wengi hustaajabu wakiliona jambo hili, kwa kuwa ukuta wa sentimeta 15 machoni hauonekani mkubwa. Lakini unapunguza vipimo vyote vitatu kwa pamoja, na chombo kikiwa kidogo ndivyo ukuta unavyokula sehemu kubwa zaidi.

Hata hizo 250 bado hazikuwa jibu. Hizo ni lita ambazo birika linaweza kuchukua likijaa mpaka ukingoni, na sisi hatukuulizwa birika linachukua ngapi. Tuliulizwa maji yaliyomo ni mangapi. Kiasi kinachoweza kuingia katika chombo ni jambo moja, na kiasi kilichomo ni jambo jingine, nalo hubadilika kila mtu anapochota. Mfereji ulikuwa umefungwa tangu asubuhi na wanafunzi walikuwa wamekwisha kutawadha, kwa hiyo maji tuliyoyakuta ndiyo kiasi cha chini kabisa kilichofikiwa siku ile. Tukatia kijiti kuyapima. Upande wa tundu la kutolea maji kina kilikuwa sentimeta 53, na upande wa pili sentimeta 51, kwa sababu fundi aliilaza sakafu kidogo ili maji yatoke vizuri wakati wa kuosha. Sakafu ikilala sawasawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, unachukua wastani: 53 na 51 ni 104, ukigawa kwa 2 unapata 52.

70 × 55 × 52 = 200,200

Hizi ni sentimeta za ujazo 200,200. Sasa tuzigeuze ziwe lita, maana hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka, skuli na madrasa.

Lita 1 ni ujazo wa sanduku lenye sentimeta 10 kila upande. Zidisha 10 × 10 × 10 upate 1,000. Kwa hiyo sentimeta za ujazo 1,000 ni lita 1, na sentimeta 1 ya ujazo ni mililita 1, ile ile inayoandikwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Sentimeta 10 ni desimeta 1, ndiyo maana vitabu vingine husema lita ni desimeta 1 ya ujazo. Wafaransa ndio walioiweka hivyo mwaka 1795. Mwaka 1901 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliibadilisha, ukasema lita ni nafasi inayochukuliwa na kilo 1 ya maji safi, kisha mwaka 1964 ukairudisha kwenye desimeta ya ujazo. Tofauti baina ya lita hizo mbili ni sehemu 28 katika milioni. Kwenye birika letu hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo tuendelee na safari yetu.

Gawa 200,200 kwa 1,000. Maji yaliyomo ni lita 200.2.

Wakati tunafanya hesabu hii ubaoni vijana wawili walileta majibu ya ajabu, nami nayaeleza hapa kwa sababu makosa yao ni ya watu wote. Wa kwanza aligeuza urefu kuwa meta, akaandika 0.7, lakini upana na kina akaviacha katika sentimeta. Akapata 0.7 × 55 × 52 = 2,002. Nilimwuliza, "Elfu mbili na mbili za nini?" Akanyamaza. Si meta za ujazo wala si sentimeta za ujazo. Ni namba isiyokuwa na jina, na namba isiyokuwa na jina haina maana. Kabla ya kuzidisha, vipimo vyote vitatu lazima viwe katika kizio kimoja.

Wa pili alizipata vizuri sentimeta za ujazo 200,200, akataka kuzigeuza kuwa meta za ujazo. Akasema, "Meta moja ni sentimeta mia, kwa hiyo nagawa kwa mia." Naye akapata 2,002. Meta za ujazo 2,002! Bwawa la kuogelea la mashindano ya Olimpiki, lenye urefu wa meta 50, upana wa meta 25 na kina cha meta 2, lina meta za ujazo 2,500. Kijana wetu karibu alijaze bwawa zima kwa maji ya birika la madrasa. Kosa lake ni kwamba meta ni sentimeta 100 kwa urefu tu. Meta ya mraba ni 100 × 100, yaani sentimeta za mraba 10,000. Na meta ya ujazo ni 100 × 100 × 100, yaani sentimeta za ujazo 1,000,000. Kwa hiyo angegawa kwa milioni, akapata meta za ujazo 0.2002. Na kwa kuwa kila lita ni sentimeta za ujazo 1,000, basi meta 1 ya ujazo ni lita 1,000, na 0.2002 ukizidisha kwa 1,000 unarudi kwenye lita 200.2 zile zile. Mkipata njia mbili za kufika, piteni zote mbili. Zikikutana mnajua mko salama.

Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi waweke picha akilini kabla ya kushika kalamu. Meta 1 ya ujazo ni sanduku ambalo watoto kadhaa wanaweza kujificha ndani, nalo linaingia lita 1,000. Birika letu ni kama sehemu moja ya tano ya sanduku hilo. Jibu likija mbali sana na picha hiyo, rudi nyuma utafute kosa lako.

Haya, maji ni lita 200.2. Na qullatayn je, ni lita ngapi?

Vitabu vya fiqhi haviwezi kutuambia lita, kwa sababu viliandikwa kabla ya lita kuwapo. Vinatupa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ukubwa: chombo cha mraba chenye dhiraa moja na robo urefu, dhiraa moja na robo upana, na dhiraa moja na robo kina. Kumbe wanazuoni wetu walikuwa wanafundisha ujazo wa sanduku zamani sana! Njia ya pili ni ya uzito: ratli 500 za Baghdad, kwa kukadiria.

Tuanze na dhiraa. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na mikono ya watu haifanani. Tukichukua dhiraa ya sentimeta 48, dhiraa moja na robo ni sentimeta 60, na 60 × 60 × 60 = 216,000, yaani lita 216. Tukichukua dhiraa ya sentimeta 46, dhiraa moja na robo ni sentimeta 57.5, na 57.5 × 57.5 × 57.5 = 190,109 na kidogo, yaani lita 190. Tazameni jambo hili vizuri. Mkono umepungua sentimeta 2 tu, na maji yamepungua lita 26, zaidi ya debe zima. Sababu ni ile ile iliyotokea kwenye ukuta wa birika. Urefu unazidishwa mara tatu, na upungufu nao unaingia mara tatu. Wapo wanazuoni wa zama zetu waliofikisha qullatayn mpaka lita 270. Msishangae kuona vitabu vinatofautiana. Haina maana kwamba mmoja wao hajui hesabu. Wameanza na dhiraa au ratli tofauti.

Njia ya uzito nayo tuifuate. Imamu Nawawi ameisahihisha ratli ya Baghdad kuwa ni dirhamu 128 na sehemu nne za saba. Zidisha kwa 500, unapata dirhamu 64,286 kwa kukaribisha. Wengi hukadiria dirhamu ya sharia kuwa gramu 2.975, na 64,286 × 2.975 ni kiasi cha gramu 191,250, yaani kilo 191. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo ni lita 191. Mimi nilipoiona 191 hii ikisimama karibu na ile 190 ya dhiraa nilisema subhanallah. Mmoja anapima kwa mkono, mwingine kwa mizani, na wanakutana kwa tofauti ya lita moja.

Sasa mnaona tulivyobanwa. Maji yetu lita 200.2. Kwa hesabu ya 190 au 191 yamefika qullatayn na kuzidi, na wanafunzi wametawadha kwa maji tohara. Kwa hesabu ya 216 yamepungua lita 15.8. Laiti tungeishia kwenye zile 680 za kijana wetu, tungesema maji ni mengi na jambo limekwisha, bila kujua kwamba tumesimama mpakani.

Ustadhi wa fiqhi aliyasikiliza yote haya akiwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Kisha akatoa hukumu yake. Alisema qullatayn kwa kauli sahihi ya madhehebu ni kipimo cha kukadiria, hakikatwi kwa wembe. Na asili ya maji ni tohara, na mtu akishuku kama maji yamefika qullatayn au hayakufika, shaka haiondoi ile asili. Akawaambia sala yao imesihi, hawana haja ya kurudia. Lakini birika likamwagwa, likasuguliwa na kujazwa upya siku ile ile, kwa sababu hata kama sharia inaruhusu, nafsi haitaki kusukutua na maji aliyolala panya. Hayo ni maneno yake, mimi nimeyanukuu tu, na mwenye suali la fiqhi amwendee yeye.

Kisha akanipa kazi nyingine. Alitaka alama kwenye ukuta wa birika, ili siku nyingine yakitokea asitafutwe mtu wa futi. Kwa tahadhari alichagua lita 216.

Hesabu hii ni ile ya mwanzo iliyogeuzwa. Ujazo tunaujua, tunatafuta kina. Urefu 70 kwa upana 55 ni sentimeta za mraba 3,850, na hilo ndilo eneo la sakafu. Maana yake kila sentimeta 1 ya kina ni sentimeta za ujazo 3,850, yaani lita 3.85 za maji. Lita 216 ni sentimeta za ujazo 216,000. Gawa:

216,000 ÷ 3,850 = 56.1

Skuli mmefundishwa kukaribisha, na 56.1 ingekuwa 56. Hapa tulikataa. Ukiweka alama kwenye 56 unapata lita 215.6, hujafika. Unapotafuta kiasi kisichopungua, unapanda hata kama sehemu iliyozidi ni ndogo. Alama yetu iliwekwa kwenye sentimeta 57, nayo tuliipimia katikati ya ukuta mrefu, pale kina kinapokuwa cha wastani, kwa ajili ya ile sakafu iliyolala. Maji yakiwa juu ya alama, ni mengi. Yakishuka chini yake, tunayahesabu machache.

Nisije kusahau, hesabu hizi zina faida nje ya mlango wa tohara pia. Msikiti mmoja, sitoutaja, ulijenga birika kubwa chini ya ardhi. Fundi aliwaambia kamati kwamba ni meta 3 kwa meta 2 kwa meta 1.5, yaani meta za ujazo 9, lita 9,000. Wakaagiza maji ya boza lita 9,000 na kuyalipia yote. Lakini fundi alikuwa ametaja vipimo vya nje, kama kijana wetu. Toa kuta za sentimeta 15, meta 3 inakuwa 2.7 na meta 2 inakuwa 1.7. Toa sakafu, meta 1.5 inakuwa 1.35. Na juu kulikuwa na bomba la kumwagia maji yanayozidi, limewekwa sentimeta 10 chini ya ukingo, kwa hiyo maji hayawezi kupita kina cha meta 1.25:

2.7 × 1.7 × 1.25 = 5.7375

Ni lita 5,737 na nusu. Zilizobaki, lita 3,262 na nusu, zilipita kwenye bomba na kwenda kunywesha migomba ya jirani. Ukizigawa kwa madebe ni zaidi ya madebe 170 ya maji yaliyonunuliwa kwa sadaka za watu.

Na debe lenyewe ni lita ngapi? Sokoni watu husema 20. Asili yake ni mkebe wa mafuta ya taa wa galoni nne za Kiingereza, na galoni hiyo ni lita 4.546, kwa hiyo nne ni lita 18 na kidogo. La nyumbani kwangu nililipima kwa ndani: sentimeta 23 kwa 23 kwa 35. Zidisheni wenyewe, mtapata sentimeta za ujazo 18,515, lita 18 na nusu. Anayenunua kitu kwa debe akidhani ni lita 20 anapunjwa lita moja na nusu kila debe bila ya mtu kumdhulumu kwa makusudi.

Jambo jingine ni pishi ya zakatul fitri. Zaka hiyo ni saa moja ya chakula, na saa ni mudi nne, kama pishi yetu ilivyo vibaba vinne. Saa ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Wengi hukadiria kuwa ni lita 2.75 hivi. Mkitaka kuiona kwa macho, kateni kadibodi mtengeneze sanduku la sentimeta 14 kila upande kwa ndani. 14 × 14 × 14 = 2,744, yaani lita 2.744. Jazeni mchele, kisha mpime kwenye mizani. Mtaona kwamba kilo zake ni pungufu ya lita, na mkijaza unga au maharage mizani itasema namba nyingine, kwa sababu ile kanuni ya lita moja kuwa kilo moja ni ya maji peke yake. Ndiyo maana mnasikia kilo tofauti zikitajwa kila Ramadhani, na ndiyo maana wenye kutoa hupenda kuzidisha kidogo.

Sanduku hilo hilo lijazeni maji mlitazame. Imesimuliwa na Anas (R.A.), naye ni katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa saa moja mpaka mudi tano. Mudi ni robo ya sanduku lenu, kama lita 0.686. Zile lita 200.2 za birika letu zingetosha watu 291 kwa udhu wa namna hiyo. Mimi nilimwekea mwanafunzi mmoja ndoo chini ya mfereji bila ya kumwambia sababu, akatawadha kama kawaida yake, nikapima lita 5. Kwa udhu wake birika lile lile linatosha watu 40.

Mnaotaka kujijaribu, haya hapa masuali matatu.

1. Birika la bafuni lina urefu wa sentimeta 90 na upana wa sentimeta 60 kwa ndani. Maji yamefika kina cha sentimeta 45. Ni lita ngapi, na yamefika lita 216?

2. Katika birika hilo hilo, ukatazama vizuri ukaona fundi amesahau tofali chini ya maji, lenye sentimeta 45 kwa 23 kwa 15, na maji yamelifunika lote. Maji yenyewe ni lita ngapi?

3. Birika lina urefu wa meta 1.2 na upana wa sentimeta 80. Limetiwa lita 300. Kina cha maji ni kiasi gani?

Majibu: La kwanza, lita 243, yamefika. La pili, tofali linachukua nafasi ya lita 15.525, kwa hiyo maji ni lita 227.475, na bado yamefika. La tatu, sentimeta 31.25. Aliyepata namba nyingine katika la tatu atazame kama aliigeuza ile meta 1.2 kuwa sentimeta 120 kabla ya kuzidisha.